Kabla ya Serengeti, wapelekeni watoto kwenye mizani

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mfanyabiashara wa dengu, choroko na mashudu, leo naweka pembeni habari za funza wa vitumba. Nataka tuzungumze kuhusu kile kikaratasi ambacho mtoto hukuletea kutoka shuleni, kinachosema darasa lao litakwenda ziara ya mafunzo na kila mzazi achangie kiasi fulani. Wengi wenu mnakisoma mara moja, mnakikunja, mnakitia mfukoni, na mtoto anajua jibu bila kuambiwa. Wengine mnalipa huku mkinung'unika kwamba walimu wamepata njia mpya ya kukusanya fedha. Msimamo wangu ni kwamba ziara ni sehemu ya masomo, na shule ndogo ya kijijini inaihitaji kuliko shule ya mjini. Ila ziara zetu nyingi tunazipanga kinyume. Tunaanza na ya mbali na ya gharama, tunaacha iliyo karibu na ya bure.

Chukua pamba. Mtoto wa darasa la tano hapa Bariadi amepalilia pamba, ameivuna, na usiku wa kusubiri mnunuzi pengine amelala nayo chumba kimoja. Muulize ikitoka AMCOS inakwenda wapi, atakuambia kiwandani. Muulize kiwandani inafanywa nini, atanyamaza. Wala usimcheke, maana baba yake naye mara nyingi hajawahi kuvuka geti la kiwanda. Tumelima zao hili tangu enzi za babu zetu na wengi wetu tunalijua nusu tu, ile nusu ya jembe.

Kasoli kuna kiwanda cha kuchambua pamba, na mkoa wetu una vingine. Darasa likiingia pale siku mashine zinafanya kazi, watoto wanaona pamba mbegu inaingia upande mmoja, na upande wa pili zinatoka nyuzi zinazofungwa marobota, na mbegu zinakwenda kwao. Hapo mwalimu wa hisabati ana somo zima la asilimia bila kuandika ubaoni. Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kama kilo 35 hadi 40, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni mbegu. Mbegu zinakamuliwa mafuta, na kinachobaki ni mashudu, yale yale ambayo wewe mfanyabiashara unayauza kwa gunia kwa wafugaji wakati wa kiangazi. Mtoto akipiga hesabu hiyo mwenyewe, ataelewa kwa nini bei ya mbegu na ya mafuta inagusa bei ya pamba ya baba yake. Ataelewa pia kwa nini maji na mchanga tunaochanganya kwenye pamba ili uzito upande vinaishia kutuharibia jina sisi wenyewe. Hili la mwisho nimelisema kwenye mikutano mingi ya wakulima na naona halisikiki. Labda litasikika likisemwa mezani na binti wa miaka kumi na moja.

Wakati wa kwenda ni muhimu. Viwanda havichambui mwaka mzima. Msimu wa kununua hufunguliwa kuanzia Mei au Juni, na mashine huwa na kazi miezi inayofuata. Ukipeleka watoto Machi watakuta mabati na mlinzi. Wiki za mwanzo baada ya likizo ya Juni ndizo nzuri, kwa sababu pamba ipo, kiwanda kinaunguruma, na mzazi ameshauza angalau viroba vichache. Mle ndani kuna vumbi na mikanda inayozunguka, kwa hiyo watoto waingie kwa makundi madogo, wafunike pua kwa kitambaa, na kila kundi liwe na mtu wa kiwanda anayeliongoza.

Lakini hata kiwanda si mahali pa kwanza. Ningekuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya kata, ziara yangu ya kwanza ya mwaka ingekuwa ya miguu, tena isingezidi kilomita mbili. Ningewapeleka watoto kwenye mizani ya AMCOS.

Najua unajiuliza, mizani nayo ni kitu cha kutembelea? Ndiyo. Watu wangapi kijijini kwako wanaweza kuipima mizani kabla haijawapima wao? Jambo lenyewe ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Watoto wachukue chombo, wakipime kikiwa kitupu, kisha watie lita 20 za maji kwa kutumia kipimo cha lita moja, wakihesabu kwa sauti. Wakirudisha kwenye mizani, tofauti ya kwanza na ya pili lazima iwe kilo 20. Ikiwa 18, kuna kilo 2 za mtu zinazopotea kila mara, na darasa zima limeona. Baadaye watafute stika ya Wakala wa Vipimo na wasome mwaka ulioandikwa, kwa sababu mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Nawaambia wazi, viongozi wa AMCOS wenye mizani safi watafurahia ziara hiyo. Atakayetafuta sababu ya kuahirisha, nanyi wazazi mtakuwa mmejifunza kitu.

Kutoka hapo wapelekwe mnadani. Siku ya mnada shule nyingi zinalalamika kwamba watoto ni watoro. Wao wameshaufanya mnada darasa, shule ndiyo haijafika. Wapewe kazi ya kuandika: sado moja ya choroko ni shilingi ngapi kwa muuzaji huyu na ngapi kwa yule, sado ipi imebonyezwa kitako, sado ngapi zinajaza debe, na gunia lililofungwa lumbesa limezidi lile la kawaida kwa kiasi gani. Wafanyabiashara wenzangu msinune. Anayepima sawa hana cha kuogopa kwa mtoto mwenye daftari, na mteja anayejua hesabu hubishana kidogo kuliko asiyejua.

Ziara ya tatu ya bure ni ngitili. Kama kijiji chenu bado kina ngitili, ya ukoo au ya kijiji, mwombeni mzee mmoja awatembeze watoto humo asubuhi moja. Awaonyeshe mgunga na mkwaju, awaambie mti upi unatibu nini, na kwa nini eneo linafungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Ulipokuja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, sehemu kubwa ya nchi yetu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga, ilikuwa imekwanguliwa miti. Mradi ulidumu hadi 2004, na jambo lake kubwa lilikuwa kurudi kwenye ngitili ambazo wazee walikuwa wanazijua siku zote. Watoto wetu wanasoma hifadhi ya mazingira kwenye kitabu chenye picha za nchi za mbali, na mfano ambao watu wa mbali walikuja kuusoma uko nyuma ya zizi la babu yao. Wazee hao hawapo milele. Na watu wa mikoa mingine wakisikia Bariadi wanaulizia Gamboshi na uchawi. Ingekuwa vizuri vijana wetu wawe na habari nyingine ya kuwasimulia.

Nanenane sina haja ya kuieleza sana. Viwanja vya Nyakabindi vilibeba maonyesho ya kitaifa 2018, 2019 na 2020, na vipo pale pale. Ninachoomba ni shule zisiwapeleke watoto siku ya kilele, tarehe 8 Agosti, siku ya msongamano na viongozi, wakati mtoto haoni chochote zaidi ya migongo ya watu. Tarehe 3 au 4 asubuhi, mabanda yana nafasi na wataalamu wana muda wa kujibu swali la mtoto. Na kila kundi la watoto watano lipewe swali moja la kurudi na jibu. Bila swali watarudi na makofia ya karatasi.

Sasa tuje Serengeti, kwa sababu ndiyo kila kamati ya shule inaiota. Siipingi. Ni aibu kwamba mtoto wa Bariadi, Itilima au Meatu anakua jirani na hifadhi ambayo watu wanapanda ndege kuja kuiona, naye anamjua tembo kama mla mtama wa usiku tu. Akimwona tembo mchana, ametulia na ndama wake, pengine atajifunza jambo ambalo mikutano ya ujirani mwema haijaweza kutufundisha sisi wazima. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kama kilomita 70 za lami, na lango la Ndabaka liko jirani, barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Raia ana ada yake na mtoto ana ya kwake. Mwalimu mkuu aandike barua hifadhini mapema aulize utaratibu wa wanafunzi, asisubiri kufika getini. Na shule ambayo haina klabu ya Malihai ianzishe. Klabu hizi zipo nchini tangu 1980 na kuwa nayo ni hoja nzuri kwenye barua hiyo.

Tatizo langu na Serengeti ni hesabu. Tuseme darasa lina watoto 80, na gari la kukodi lenye viti 28 linataka shilingi 200,000 kwa siku. Yatahitajika magari matatu, yaani shilingi 600,000, sawa na 7,500 kwa kila mtoto kabla hajala wala kulipa getini. Pamba ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo, hizo ni zaidi ya kilo sita kwa mtoto mmoja. Wewe mwenye watoto wanne katika shule hiyo piga mwenyewe. Kinachotokea unakijua: wanalipa wazazi 27, linakodiwa gari moja, na watoto 53 wanabaki darasani siku hiyo na mwalimu ambaye naye alitamani kwenda. Kesho yake mwalimu anasema "andikeni insha kuhusu ziara yetu." Hao 53 waandike nini?

Hapo ndipo nilipo mkali. Ziara ya shule ya umma iwe ya darasa zima au isiwepo. Mtoto asichujwe kwa mfuko wa baba yake. Kama fedha haitoshi kwa Serengeti, nendeni Kasoli. Kama haitoshi kwa Kasoli, nendeni kwenye mizani kwa miguu. Darasa lililokwenda lote kilomita mbili limesoma kuliko darasa lililokwenda theluthi moja kilomita mia.

Kuhusu michango yenyewe, elimumsingi bila ada ilianza 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alikemea hadharani walimu kupokea michango ya wazazi. Baadhi yetu tulilielewa jambo hilo kuwa mzazi hadaiwi tena kitu chochote, na walimu wengine waliogopa hata kuitisha kikao. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya mchango, na mwalimu asishike fedha, hayo ni sawa. Lakini wazazi kukaa na kukubaliana wenyewe, kwenye kikao chenye muhtasari, fedha ikapitia kwenye kamati na serikali ya kijiji na mapato na matumizi yakabandikwa ukutani, hilo halina ubaya wowote. Pia mchango si lazima uwe noti. Debe la mahindi, michembe ya kutosha watoto kumi, au choroko za chakula cha mchana, vyote vinapunguza bili. Kikao kifanyike Juni wakati wa mauzo. Ukiwaita wazazi Januari, wakiwa wanasaka fedha za palizi, watakuja wachache na watakukatalia.

Usafiri ndio nisiotaka mzaha nao. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliporomoka Rhotia, wilaya ya Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio na shule nyingine. Nchi nzima ililia. Sisi huku bado tunaona watoto wa timu ya shule wamesimama kwenye bodi ya Fuso, wanaimba, wanakwenda mashindano, na tunawapungia mkono. Ukiona hivyo kataa, hata kama mwenye Fuso ni rafiki yako na amejitolea bure. Wafanyabiashara wenye malori nawaomba msitoe lori kubeba watoto. Toeni mafuta ya gari lenye viti. Mtoto mmoja kiti kimoja, dereva mwenye leseni ya daraja husika, na safari ianze na iishe jua likiwa juu. Pikipiki kubeba watoto watatu "kwa sababu ni karibu" iwe mwiko.

Kabla hujasaini kikaratasi, una haki ya kuona kibali cha afisa elimu, orodha ya majina, na kujua nani atakuwa mwalimu wa kike kwenye msafara. Uliza pia kama njiani kuna mto au lambo. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu nusu ya mwaka, kisha mvua moja huko juu inakuja na maji ukiwa katikati. Na lambo lina kina ambacho mtoto hakioni. Mapumziko ya chakula yasifanyike kando ya maji, hata kama kivuli kiko huko.

Jambo jingine lazima lisemwe. Si kila kutoka nje ya darasa ni ziara. Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba ambalo watoto wanajifunza humo na kuona faida yake. Hakusema darasa zima lihamie kwenye shamba la mtu binafsi kuvuna pamba kwa jina la kazi ya nje. Shamba la shule likiwepo, watoto wajue lilitoa kilo ngapi, ziliuzwa bei gani na zilinunua nini. Wakiambiwa kwamba fedha zilinunua mipira miwili na madaftari, somo limekamilika. Na kwa taaluma yangu nasema hivi: mtoto asishike bomba la kupulizia, asichanganye dawa, asioshe makopo yake, na asiingizwe kwenye pamba iliyopuliziwa jana. Shamba la shule lipuliziwe na mtu mzima aliyevaa vifaa vya kujikinga, siku ambayo watoto hawapo, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo zifuatwe.

Mzazi mmoja mmoja bado atasema haya yote yanamla mtoto muda wa kusomea mtihani. Naomba aangalie hata jina la mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ambalo ndani yake mna neno taaluma. Mtaala ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo na lingine la Historia ya Tanzania na Maadili. Hayo yatafundishwaje kwa chaki peke yake? Kijiji kina wazee wanaoijua ngoma ya bugobogobo na wanaoweza kueleza Wagika na Wagalu walishindana vipi. Ijumaa moja mchana kwa mwezi chini ya mwembe wa shule inatosha, na haina bili. Darasa la mtihani tuliache kuanzia Julai, sawa. Lakini la tano na la sita hawana udhuru.

Wewe mfanyabiashara unaweza kufanya nini? Fungua duka lako saa moja. Waonyeshe watoto daftari la mali iliyoingia na iliyotoka, waeleze kwa nini unauza sabuni kwa faida ndogo na soda kwa faida kubwa zaidi, na wanaokopa unawaandikaje. Mwenye mashine ya kusaga, zima mashine, wafungulie waone mawe au vinu. Fundi baiskeli, waachie watoe gurudumu na kulirudisha. Hizi ziara za dakika arobaini shule ndogo inaweza kufanya sita kwa muhula bila kukodi chochote.

Na sisi maafisa ugani tuitwe. Pikipiki tulizokabidhiwa 2022 hazikutolewa ziishie kwa wakulima wakubwa. Shamba darasa la mtama, josho, banda la kuku wa kienyeji lenye chanjo ya kideri kwa wakati, yote hayo ni mahali pa kuleta watoto, na kuwaeleza ni kazi tunayolipwa mshahara kuifanya. Mwalimu mkuu aandike barua kupitia kwa mtendaji wa kata, ataje darasa, idadi ya watoto na tarehe mbili za kuchagua. Shamba langu la mfano la mwaka huu lina mistari mitatu ya pamba iliyopandwa kwa nafasi tatu tofauti, na vitumba vimeshaanza kufunguka. Watoto waje na daftari na kamba ya kupimia kabla hatujaanza kuvuna.